Nilisema Inatosha

Katika duka la kompyuta nililofanyia kazi Kitale nilijulikana kwa ukali. Mteja akiingia na CD mkononi, akitaka nimwekee programu haraka aende zake, nilimwambia aketi kwanza. Niligeuza kasha, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo watu hawana habari nayo: programu inataka prosesa ya kasi gani, RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kiasi gani, nafasi gani kwenye diski. Kisha niliwasha mashine yake na kulinganisha moja baada ya jingine. Ikipungukiwa, nilimrudishia CD yake. Mkulima mmoja aliwahi kuniambia nina roho mbaya kama mwalimu wa hesabu. Nikamjibu kwamba mwalimu wa hesabu angalau hadanganyi.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani sikujua. Nilijua.

Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu huko kwetu Kabuchai. Alikuwa na wake wawili. Nyumba kubwa ilikuwa na wana watatu, na nyumba yetu, ya mke wa pili, ilikuwa na wavulana wawili na mimi, binti pekee. Baada ya kustaafu alipatwa na presha ya macho. Jicho la kushoto likazima kabisa, na la kulia, daktari alisema, limebaki na tundu dogo katikati ambalo nalo litaziba. Lini, hakuweza kusema. Baba akaamua kwamba huo mwanga uliobaki atautumia kuandika jinsi shamba lake litakavyogawanywa.

Ilibidi aandike mwenyewe. Kwetu shamba limewatenganisha ndugu wengi, na karatasi ikiandikwa na mtoto, hata awe mwaminifu namna gani, huitwa karatasi ya nyumba ya mama yake. Mwandiko wake wa kalamu ulikuwa umeharibika, mistari ikipandana. Kwa hiyo alitumia kompyuta aliyopewa na wanafunzi wake wa zamani siku ya kumuaga. Alizifanya herufi kubwa hivi kwamba maneno manne yalijaza kioo, akachapa kwa vidole viwili, mlango umefungwa. Boma zima lilijua kwamba vitufe vikisikika, mzee anaandika, na hakuna aliyethubutu kuingia. Akimaliza, angechapisha na kutia sahihi mbele ya naibu wa chifu na mchungaji.

Ikafika wakati hata herufi zile hazikumtosha. Rafiki yake aliyewahi kufanya kazi kwenye misheni ya Lugulu akamtumia CD yenye programu ya kukuza kila kitu kwenye kioo, herufi moja ikawa kubwa kama kiganja. Baba alinipigia simu dukani.

"Mama," aliniita, kwa maana nilipewa jina la mama yake, "kuja Jumamosi uniwekee hii kitu. Nimebakisha kidogo tu nimalize."

Nilipofika Jumamosi nilikuta kuku wamechinjwa. Baba alikuwa amewaalika watu wa kanisa waje kuiombea mashine. Ilikuwa imetolewa chumbani kwake na kuwekwa kwenye meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ndugu zangu wa nyumba zote mbili wameketi wakiizunguka. Mchungaji aliomba kwa kirefu, akamshukuru Mungu kwa mikono ya binti wa nyumba hii. Ndipo nikapewa CD.

Niligeuza kasha, maana mazoea ni mazoea. Ilitakiwa RAM ya megabaiti mia moja ishirini na nane. Nikawasha mashine, nikafungua mahali inapoeleza sifa zake. Thelathini na mbili. Haikuwa kwamba imepungua kidogo. Ilikuwa na robo ya kilichotakiwa.

"Inatosha?" Baba akauliza.

Niligeuza kasha tena, nikalisoma upya. Kaka yangu mkubwa wa nyumba kubwa akacheka. "Si wewe ndio umesomea hii maneno? Ama huko Kitale ulikuwa unasomea kupika? Tuambie tu, bana."

Wakacheka wote, hata mama yangu. Baba hakucheka. Alinigeuzia uso, akauinamisha kidogo upande, jinsi alivyofanya anapomtafuta mtu kwa lile tundu lililobaki.

"Inatosha, Baba," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Sehemu yake ilikuwa heshima; ni vigumu kumwambia mzee, mbele ya wageni aliowaita mwenyewe, kwamba kitu kilichokwisha kuombewa hakifai. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kiburi. Sikutaka kaka yangu aone nimeshindwa. Nikajidanganya kwamba huenda itakwenda polepole lakini itakwenda. Mteja yeyote wa Kitale ningemrudishia CD yake bila kupepesa macho, na baba yangu mzazi sikumtendea hata hilo.

Nikaingiza CD. Mstari wa buluu unaoonyesha programu inavyoingia ulisogea hadi ukapita nusu, ukasimama. Kipanya kikaganda. Tulingoja. Chai ikaletwa, ikanywewa, mstari uko palepale. Nikazima na kuwasha upya, na kikaja kioo cheusi chenye sentensi moja ya maandishi meupe. Nilijaribu kila nilichokijua na hatukutoka hapo. Wageni walikula kuku, wakatupa pole, wakaenda zao.

Tulipobaki wawili Baba aliuliza, "Nilichoandika kimepotea?"

"Hapana. Kiko salama kwenye diski. Mashine ndiyo imekataa kuwaka."

"Basi ifanye iwake. Sina siku nyingi." Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekujulisha kwamba sukari inakaribia kwisha.

Nikaibeba hadi Kitale. RAM ya aina ile ya zamani haikuwepo mjini, na za mashine mpya hazikuingia kwenye nafasi yake. Tuliagiza Eldoret, wakaleta isiyofaa. Tukaagiza Nairobi, tukangoja. Zilipita wiki tano. Ningeweza kumpelekea Baba mashine nyingine ya dukani aendelee nayo. Nilimwomba mwenye duka mara moja, akasema hapana, nami sikumbembeleza, kwa sababu angetaka kujua nini kilitokea, na sikuwa tayari kumweleza kwamba mimi, mkaguzi wake mkali, niliweka programu nikijua mashine haitoshi. Hiyo ndiyo aibu ninayoibeba zaidi kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa ya dakika moja. Hii ilikuwa ya wiki tano, na kila siku ningeweza kuikatisha.

RAM ilipofika niliirekebisha mashine, nikaweka programu upya, ikakubali bila shida. Faili ya Baba niliihamisha bila kuifungua. Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa chumbani kwake Kabuchai nikiunganisha nyaya, naye ameketi kitini, mikono juu ya magoti. Niliwasha, nikafungua faili, nikakuza. Herufi zilijaza kioo, nyeusi, nene, ungezisoma ukiwa ng'ambo ya ua. Nikasogea pembeni ili aone.

Nilingoja aseme neno.

"Imewaka?" akauliza.

Ilikuwa imewaka kitambo.

"Imewaka, Baba."

Akanyoosha mkono, akakipapasa kioo mpaka akasikia joto lake. Nililia kimya kimya, ingawa nadhani alijua, kwa sababu hakunigeuzia uso. Kisha akasema, "Funga mlango. Soma."

Nilisoma, na nilikuwa mtu wa kwanza kuyasikia maneno yale zaidi ya yeye aliyeyaandika. Kulikuwa na sehemu ya nyumba kubwa, mpaka kwa mpaka. Kulikuwa na sehemu ya nyumba yetu. Chemchemi isigawanywe, ibaki ya wote. Mahali pa kumzika. Alikuwa amepima mambo kwa haki, na hata mtu mwenye kinyongo asingepata pa kushika. Nikafika mstari wa mwisho. Uliandikwa hivi: "Na binti yangu nampa ekari moja ya juu, ile inayopakana na barabara, kwa sababu". Hapakuwa na zaidi.

Kwetu wakati ule binti hakutajwa kwenye shamba. Hakuna dada, shangazi wala jirani niliyemjua aliyewahi kutajwa.

"Hapo ndipo nilikuwa nimefika," Baba alisema. "Sasa nani ataandika kilichobaki?"

"Mimi."

"Na watajua ni wewe."

"Watajua." Boma lote lilikuwa limeniona nikiingia na mashine, na kusikia mlango ukifungwa.

Alifikiri. Nje wajukuu walikuwa wanakimbizana, akangoja wapite dirishani.

"Kama ningemaliza mwenyewe wangenung'unika, halafu wangenyamaza," alisema. "Sasa wakikuta jina lako ndani, na ni wewe ulifunga mlango, watakataa yote. Hata ya ndugu zako itakuwa na kesi. Lakini ukiwa huna kitu ndani, watakuamini. Futa hiyo yako, mama."

Ningeweza kuuacha ule mstari. Asingeona. Niliweka kidole kwenye kitufe nikaanza kurudi nyuma, na kwa jinsi herufi zilivyokuwa kubwa, ziliondoka moja moja, nikiziona vizuri kila moja. Ilichukua muda mrefu.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Soma vile inaisha sasa."

Nikamsomea, inaishia mahali pa kaburi lake. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nichapishe. Jumatano naibu wa chifu na mchungaji walikuja, nikaushika mkono wake na kuuweka mahali pa sahihi, na ndugu zangu wote watano wakakubali bila neno. Kaka yangu mkubwa hata alinishukuru. Ile sababu ya kunipa ekari Baba alifariki bila kunitajia, nami sikuwa na uso wa kumuuliza.