Barua Iliyopita Kama Liste ya Salongo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, nilifungua faili yangu nikakuta liste ya salongo, orodha ya waliofika kazini, bado imo. Basi karatasi niliyoipeleka komini, ofisi ya utawala wa eneo letu, saa tatu ilikuwa barua yetu ya malalamiko.

Nilikuwa mwandishi wa mtaa wetu mjini Butembo, wakati waasi walipotutawala kutoka Beni. Kila Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya bure kwa ajili ya mji, nami niliandika waliofika. Lakini kwa miezi mitatu mkuu wa komini alitubebesha mawe ya msingi wa nyumba yake. Nilisoma sheria za waasi wenyewe, ukurasa kwa ukurasa: baraza lao la Beni lilipaswa kuchunguza malalamiko juu ya mkuu yeyote, mradi barua iwe na muhuri wa ofisi ya mkuu huyo huyo. Nikaiandika kwa kaboni, nakala mbili. Watu arobaini na mmoja wakatia sahihi, wale wale wa salongo. Tulikuwa bado tunabishana nani ataipeleka.

Sasa majina yote yalikuwa kwa mtu tuliyetaka aondolewe, na kashoti yake, chumba cha mahabusu, ilikuwa nyuma ya ofisi.

Nilikimbia. Karani, mama wa makamo, alikuwa anachambua maharagwe.

“Mwalimu,” alisema. Waliniita hivyo kwa kunicheka, sijawahi kufundisha. “Mbio ya nini? Salongo ilishaisha.”

“Mama, ile liste nilileta, niliruka mustari. Unirudishie.”

“Hapana. Yenye ilishapigwa muhuri haitokake. Chukua copie yako.”

“Chef alishaisoma?”

“Chef anatafutaka wenye hawakukuya, abalipishe amande ya kukosa salongo. Kwako kila mutu alifika. Atasoma nini?”

Akanipa nakala ya pili ya barua yetu: muhuri, tarehe, namba ya rejista. Nikaketi kwenye benchi, nikajifuta jasho.

“Uko na malaria, Mwalimu?”

“Ni mbio tu, mama.”

Mchana huo nilipanda pikapu hadi Beni, nikaikabidhi barazani. Sikutegemea waasi wamwondoe mtu wao. Baada ya wiki tatu walimwondoa, bila maelezo. Huenda walikuwa na sababu zao, sijui. Hakuna hata mmoja wetu aliyekamatwa. Jumamosi iliyofuata tulizibua mitaro ya soko, na watu walikuja mapema.

Barua ya malalamiko ilitozwa dola kumi ili ipigwe muhuri. Liste ya salongo ilipigwa bure. Tuliokoa dola kumi.