Udongo Usioliwa na Mchwa

Ukitaka kumuudhi Amuge, mwambie ukuta wake una ufa. Kule kijijini kwao, upande wa Masinya, hakuna mkono ulioweza kukandika nyumba na maghala kumshinda, na mdomo wa kumshinda haujazaliwa bado. Kazi yake ilisifika kwa jambo moja: mchwa hawaigusi. Maghala ya wengine huliwa miguu mpaka yanaangukia ubavu kama mlevi wa pombe ya malwa. La Amuge husimama wima.

Wala hakuficha siri yake. Udongo aliuchota kwenye josho la zamani, lile birika refu la saruji ambamo ng'ombe walikuwa wakitumbukizwa waoge dawa ya kupe. Josho lilikufa siku nyingi, mabati yakaibwa, kiwanja kikabaki nyasi tupu. Mwanzoni watu walimcheka. Baadaye wakapanga foleni.

Sasa kijiji kilitaka soko lake. Wanawake walichoka kubeba wimbi mpaka Busia mjini, wakauze kwa bei ya mnunuzi anayeona miguu yao inatetemeka. Ardhi pekee ya wote ilikuwa ile ya josho, na Amuge alikwisha kujichagulia pa kutandika gunia lake. Lakini wilaya ikasema kwanza udongo upimwe.

Akaja mpimaji, Daphine, binti wa kutoka Majanji, na gambuti zake na vichupa. Amuge alimsimamia kama anayelinda vifaranga.

"Unachimba viazi, mwanangu?"

"Natafuta sumu, mama. Dawa za kupe za zamani zilikuwa kali. Nyingine hukaa ardhini kuliko umri wangu."

"Sumu gani? Huu udongo mzuri. Angalia, hata kichuguu hakuna. Mchwa wanauheshimu."

Daphine akaacha kuchimba. "Umejuaje?"

"Si mimi nakandikia?"

"Unakandikia nini, mama?"

"Maghala."

Neno lilitoka kwa maringo. Kisha Amuge akalisikia upya mwenyewe. Maghala. Wimbi. Uji wa wajukuu.

Shemeji yake Okware, aliyekuwa akifyeka nyasi pale pembeni, akainua kichwa. "Leo shemeji umenyamaza? Niite padri?"

"Fyeka nyasi zako."

Daphine alichukua udongo wa josho, kisha akabandua kipande kwenye ghala la Amuge. Siku za kungoja majibu, watu walikuja kuomba kukandikiwa, naye akawarudisha. Uji wa wajukuu aliupika kwa wimbi la kununua.

Majibu yalikuja. Sehemu ya juu ya kiwanja, karibu na barabara, ni salama, soko lijengwe. Birika lenyewe, na mteremko yalikomwagwa maji ya dawa, vifunikwe na kuzungushiwa ua. Na maghala yaliyokandikwa kwa udongo ule yabanduliwe, nafaka iliyomo isiliwe.

"Kwenye mkutano sitakutaja, mama," Daphine alimwambia kando. "Nitasema tu maghala yote yakaguliwe."

"Mpaka mmalize kukagua, watu watakuwa wamekula mangapi? Nayajua yote. Nimeyakandika mimi."

Akapita nyumba kwa nyumba, kitambaa puani, glavu za Daphine mikononi, akibandua kazi yake mwenyewe. Mabonge yalirudi joshoni, yakafukiwa humo pamoja na nafaka. Wengine walimpa maji ya kunywa. Akiror, jirani yake tangu siku za uchumba, alimpokea mlangoni mikono kiunoni.

"Ulituwekea sumu, na sisi tukikusifu."

Mtu mzima Amuge, mwenye jibu la kila kitu, alitazama ghala, akatazama watoto wa Akiror wamekaa kivulini.

"Niliweka," akasema. "Nishikie ngazi."

Akiror alishusha mikono. Kisha akaishika ngazi.

Soko lilipofunguliwa huko juu, kila ghala lilikuwa limekandikwa upya kwa udongo wa mtoni na samadi, kazi ya Amuge vilevile. Asubuhi moja Okware akapita, akachuchumaa, akacheka.

"Shemeji, njoo uone. Mchwa wamepanda mguu wa ghala lako. Jina limekwisha."

Amuge akaja, akainama. Kweli, kamstari ka udongo mbichi kalikuwa kanapanda mguu wa ghala polepole.

"Waache leo," akasema. "Wakila wao, na sisi tunaweza kula."

Kisha akaelekea jikoni. "Kesho nitawamwagia jivu."