Injini mpya na bafu la baba mkwe

Leo nimempa baba mkwe shikamoo akiwa na povu kichwani.

Gari langu hili bovu tumelisukuma miaka minne. Kwa hiyo kila nikiliegesha naliacha kwenye gia ya pili, tayari kwa kusukumwa kesho yake.

Jana fundi hapa Kiranjeranje kanifungia injini mpya, kubwa kuliko ile ya zamani.

Asubuhi majirani wakaja kusukuma kama kawaida. Nikawaambia kaeni pembeni, sasa hivi ni ufunguo tu.

Nikawasha.
Gia ya pili nimeisahau.

Gari likaruka, likabomoa bafu la makuti la baba mkwe, ambaye tunakaa naye ua mmoja. Mzee alikuwa anaoga, ajiandae kwa Ijumaa. Injini ikazimika hatua moja kutoka kwenye ndoo yake.

Tukatazamana.
"Shikamoo baba," nikasema. Ningesema nini tena?

Akajifunga msuli wake taratibu.
"Marahaba. Huo ufunguo usiuguse. Waite wenzako wasukume."

Saa hizi nasuka makuti. Nyie mngesema nini pale?