Mama mkwe anakunywa maji ya kilindini, na boti ziko mchangani

Admin, jina langu nakuachia wewe peke yako, maana mume wangu na mashemeji wote wanasoma ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na mbili. Kwetu ni Ujiji, nimeolewa Kibirizi. Mimi naanika na kuuza dagaa, mume wangu anavua. Tunaishi na mama yake, mjane mwenye presha. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini haraka. Nyumbani wananiita polisi na jina hilo halijawahi kuniudhi.

Tangu wakimbizi waanze kuingia kwa maboti kutoka Burundi, mwambao wetu umepata kipindupindu. Wakaja watu wa utafiti wa kuzuia magonjwa, wakachagua nyumba kadhaa, na yetu ikiwemo. Tulipewa ndoo yenye koki na dawa ya maji. Kisha anapita binti mmoja, mgeni wa mkoa huu, anachota maji kwenye chupa ndogo akayapime, na anauliza maswali. Choo mnachangia na nani? Mnanawia wapi? Mna wageni? Niliwashuku. Nani atoke mbali kote huko kuja kuuliza habari za choo chetu? Mtaani walisema dawa ile inafunga uzazi. Sikuamini sana, ila sikukataa pia.

Mama mkwe hakuonja hata tone. Yeye maisha yake yote amekunywa maji ya kilindini. Huku kwetu mvuvi akienda mbali ziwani hurudi na dumu la maji ya huko, kwa kuwa ni baridi na matamu, na anayemletea mama yake dumu hilo anasifiwa mtaa mzima. Maji ya dawa, kwa mama, yananuka hospitali. Ya kuchemsha anasema yamekufa. Basi ya ndoo tukawa tunaoshea vyombo, na binti wa utafiti akija tunamwonyesha ndoo. Tuliogopa akijua ukweli ataichukua. Dumu lilikaa chumbani kwa mama, la kwake peke yake; sisi wengine tulikunywa ya kuchemsha.

Wakati huo tulikuwa na mgeni, nitamwita Espe, Mrundi aliyekimbia kwao, ana undugu wa mbali na mama mkwe. Mama anaongea Kiha, Espe Kirundi, wanaelewana na wanacheka jikoni mpaka nawaonea wivu. Halafu mama akaugua. Alitapika na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Tukamkimbiza kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, na Mungu akamrudisha.

Binti wa utafiti akaja kupima ndoo. Aliporudi na majibu alikuwa anashangaa. "Maji yenu ni safi," alisema. "Mama anakunywa haya haya?"

"Haya haya, dada," mume wangu akadakia.

Mimi nikafunika ndoo. Mashemeji wakamgeukia Espe, kwamba kama maji ni safi basi ugonjwa kauleta yeye. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa nguo. "Mama, jewe sindwaye," alisema. "Siumwi, sijaumwa mimi." Mama mkwe akageukia ukutani. Espe akapelekwa kambini. Na mimi, kwa tabia yangu hii, nilimshuku pamoja nao.

Kilichonigeuza ni mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, boti hupandishwa mchangani na wavuvi hupumzika. Siku hizo mume wangu huaga kwamba anakwenda kuvua migebuka kwa ndoano, na asubuhi dumu limejaa kama kawaida. Nikakumbuka kuwa mama aliugua wakati wa mbalamwezi. Asubuhi moja ya mbalamwezi nikamtangulia mwaloni, pale boti zinapopandishwa. Boti yake ilikuwa imepinduliwa, kavu kabisa. Yeye akaja kwa miguu kutoka upande wa mjini, shati limepigwa pasi. Akaingia maji ya magotini, pale pale watu wanapofulia na mfereji wa vyoo unapomwaga, akajaza dumu. Alikolala mnaweza kukisia. Hilo linaniuma sana, lakini lina siku yake.

Nikamuuliza nyumbani. "Baba Zai, maji haya umechota wapi?"

"Kilindini."

"Kwa boti ipi?"

Alitabasamu, kisha akaacha. "Mama anajivunia dumu hili kuliko kitu chochote," akasema. "Ukimwambia ndilo lililomlaza kwenye mahema, presha itapanda. Ujue utakuwa umemuua wewe." Nikamwomba basi aache kulileta. Akasema akiacha, mama atauliza kwa nini.

Nilijaribu kutia dawa kwenye dumu kwa siri. Mama alinusa, akamwaga yote uani, akauliza nani humu ndani anataka kumuua. Nikimweleza binti wa utafiti, najua atakuja moja kwa moja kumuuliza mama.

Juzi Espe alipiga simu kutoka kambini. "Mama bado anaamini ni mimi?" aliuliza. Nikamwambia simsikii, mtandao mbaya, nikakata. Nilimsikia vizuri kabisa.

Leo mbalamwezi imerudi. Boti ziko juu mchangani, dumu limeingia limejaa, na mama ameniita nimsogezee anywe. Nikalibeba, nikajifanya nimejikwaa, maji yote yakamwagika sakafuni. Amenicheka sana. Amesema nisijali, mwanawe ataleta mengine kesho.

Ndugu zangu, nishaurini. Nikisema, naogopa presha itamchukua. Nikinyamaza, maji yatamchukua, na Espe atabaki na jina la muuaji asiyeua. Au kesho nijikwae tena?