Siku Niliyomwacha Mkwe Wangu Kwenye Basi

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi. Nimewahi kusoma somo la Jumapili nimevaa shati ndani nje, nimewahi kugombea ujumbe wa kijiji nikapata kura mbili na mke wangu akaapa kwamba moja ni yake, na hayo nikiyasimulia nacheka pamoja na nyinyi. Hili la leo sijawahi kulicheka. Nimelikalia kimya miaka yote ambayo mkwe wangu alikuwa hai, na sasa kwa kuwa tumeshamzika, naona heri nilitoe kifuani mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mkwe wangu, Mzee Bura, alikuwa mkulima wa ngano na maharage hapa hapa kijijini Daa, Karatu, mtu mrefu wa maneno machache ambaye akikuahidi kuja kesho, ujue atakuja hata mvua inyeshe mawe. Miaka ile ya themanini mwanzoni, jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia lilikuwa linaona kidogo tu, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango, tena linamuuma. Tulimpeleka Moshi, na huko wakatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa mgeni aliyekuja nchini kwa muda mfupi. Siku yetu ilikuwa Jumatatu, tuwe tumefika kabla ya saa nne. Yule daktari wa Moshi aliniita pembeni akaniambia, "Msichelewe. Presha ya hilo jicho ikipanda tena, hatutakuwa na la kufanya."

Nani wa kumpeleka? Mimi, bila shaka, kwa sababu ndiye niliyekuwa naijua Dar. (Ngoja niwaambie nilivyoijua. Nilikwenda mara moja kwenye semina ya ushirika ya majuma matatu, gari likawa linatutoa bwenini asubuhi linatupeleka ukumbini, jioni linaturudisha bwenini. Basi. Lakini nilivyorudi Karatu nilisimulia mji mzima, mitaa na bahari na maghorofa, mpaka watu wakawa wananiuliza njia.) Kwa hiyo ukoo ulipokaa kikao, hakuna aliyetaja jina lingine, na mimi sikukataa.

Dar tulifikia Ukonga, nje kidogo ya mji, kwa Yustini, mpwa wa mzee, aliyekuwa anafanya kazi ya zamu kiwandani. Jumapili jioni Yustini akaniambia, "Shemeji, kesho natoka zamu saa moja asubuhi. Nisubirini niwapeleke mwenyewe, haya mabasi ya mjini yana mambo yake." Mzee alikuwa amekaa pale pale, anasikiliza. Nikamwangalia, nikajiona mbele yake nikishikwa mkono kama mtoto, nikasema, "Ukitoka ukalale, shemeji, utakuwa umechoka. Dar naijua." Maneno mawili tu. Kila kilichotokea kesho yake kilitoka hapo.

Asubuhi tukapanga foleni kituoni, mimi na koti langu zito la Karatu na kofia ya pama, mzee na blanketi lake na fimbo, na barua ya hospitali nimeiweka mfuko wa ndani wa koti. Basi likaja, tukaingia, nikafanya kama ninavyofanya kwetu, nikasalimia basi zima, "Hamjambo, ndugu zangu!" Hakuna aliyeitika. Mzee akaniinamia, akaniuliza kwa Kiiraqw, "Hawa wana msiba?" Nikamwambia hapana, ndivyo walivyo (kama mtu anayewajua). Tukapata viti viwili karibu na dirisha, nikamshika mkono tukaketi, na nakumbuka nilijisikia vizuri sana.

Sasa hapa lazima niwaeleze vijana ambao hamkuwahi kusafiri na basi letu la zamani la Karatu kwenda Arusha. Lilikuwa moja kwa siku, na dereva wake tulimwita Mzee Taratibu. Ukitaka kushuka Mto wa Mbu ununue ndizi, unamwambia konda nashuka kidogo, unaweka kofia yako kwenye kiti, na basi linakusubiri. Ukienda kujisaidia vichakani, linakusubiri. Mzee Taratibu alihesabu vichwa kabla ya kuondoka, na kama umepungua anapiga honi mpaka utokee, na abiria wanakusema lakini wanakusubiri. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, na sikuwahi kupanda basi la abiria lisilosubiri.

Tulipofika Buguruni basi likasimama muda mrefu, watu wakawa wanashuka na kupanda. Joto lilikuwa limeshaanza, na mzee akasema koo limemkauka. Nikaona nje, hatua chache tu, mama anauza machungwa. Nikasema, "Baba, kaa hapa hapa. Usishuke kwa neno la mtu yeyote mpaka usikie sauti yangu. Na usimpe mtu kiti changu." Nikaweka kofia yangu kwenye kiti, nikamwambia konda, "Nashuka kidogo, nisubiri." Konda akasema, "Haya, mzee," na mimi nikaamini.

Yule mama nilimsalimia salamu zote za kwetu, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, akanitazama tu, akaanza kunimenyea chungwa la kwanza. Alipofika la pili nikasikia injini imebadilika sauti. Nikageuka. Basi lilikuwa linaondoka, na dirishani naliona blanketi la mzee.

Nikakimbia. Koti zito, machungwa mikononi, napiga kelele, "Simamisha! Simamisha! Mkwe wangu! Mkwe wangu yumo humo!" Na watu wa kituoni, ambao salamu hawakuwa nazo, kicheko walikuwa nacho. Mmoja akasema, "Mkwe kamkimbia!" na kituo kizima kikaangua kicheko, na yule mama wa machungwa akaja nyuma yangu anadai chake. Nilisimama katikati ya barabara nahema, gari likanipigia honi, nikarudi pembeni.

Nikapanda basi lililofuata mpaka mwisho wa safari, Posta, nikafika kama saa mbili na nusu. Pale palikuwa na msimamizi wa mabasi kwenye kibanda, mzee mmoja mpole mwenye miwani, nikamweleza. Akaniuliza, "Basi namba ngapi?" Sikujua namba. Kwetu basi halina haja ya namba, ni basi. Nikamwambia lile ambalo dereva wake ana masharubu, na waliokuwa kwenye foleni wakaanza tena kucheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Mabasi ya Ukonga yanakwenda na kurudi, na mzee wako asiposhuka atarudi hapa hapa. Kaa kwenye benchi hili, ndugu yangu, usiondoke. Wewe ukianza kuzunguka na yeye anazunguka, mtakutana lini?"

Nikakaa. Nikakaa nikiangalia saa ya ukutani pale kibandani, saa tatu kasorobo, saa tatu, saa tatu na robo, barua iko kifuani kwangu na mgonjwa hayupo. Kila basi la Ukonga likija nalichungulia dirisha moja moja, simwoni. Nikaanza kumwona akilini ameshushwa mahali, ameanguka, amekanyagwa na gari, na nikamsikia mke wangu akiniuliza baba yangu yuko wapi. Saa tatu na nusu nikashindwa. Sikumuaga hata msimamizi, nikarukia basi la kurudi Ukonga.

Tulipofika Ilala, basi lingine likaja upande wa pili wa barabara likielekea mjini, yakapunguza mwendo yapishane, na dirishani, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa, alikuwa mkwe wangu. Amekaa wima. Mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ameuweka juu ya kofia yangu, pale kwenye kiti changu. Nikapiga kelele, "Baba! Baba!" Aligeuza uso, akageuza tena, akitafuta sauti inatoka wapi, na basi lake likapita.

Nilishuka kabla basi halijasimama, nikaanguka, suruali ikapasuka goti, damu ikanitoka, nikaamka nikakimbia kurudi Posta kwa miguu kwa sababu akili ya kusubiri basi sikuwa nayo. Nilipofika ilikuwa imepita saa nne na nusu. Msimamizi aliponiona alivua miwani. "Amekuja, na ameondoka," akasema. "Tulimwomba ashuke, akakataa. Anasema mkwe wake amemwambia asishuke mpaka asikie sauti yake. Nikamwambia mkwe wako alikuwa hapa sasa hivi. Akasema, basi aseme nimsikie. Tulilizuia basi kadiri tulivyoweza, abiria wakaja juu." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Nilikuambia ukae. Ulikwenda wapi?"

Nilikaa kwenye lile benchi, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia mbele ya foleni, na safari hii hakuna aliyecheka.

Basi lilirudi saa sita mchana. Abiria walishuka haraka haraka huku wengine wameziba pua, nikaingia. Mzee alikuwa amebaki peke yake. Alikuwa amejikojolea. Tangu alfajiri hakuinuka pale, na mtu wa heshima zake, ambaye nyumbani hata wajukuu hawakupata kumwona akila amesimama, alikaa ndani ya mkojo wake mbele ya watu wageni kwa sababu mimi nilimwambia asishuke. Ncha ya blanketi alikuwa ameigandamiza kwenye lile jicho zima.

Nikasema, "Baba, ni mimi."

Akatoa pumzi ndefu. "Umechelewa kidogo," akasema. "Walikitaka kiti chako. Nimewaambia kina mwenyewe."

Nikavua koti nikamfunga kiunoni, nikamshusha, na watu wakatupisha njia. Hospitali tulifika tukakuta majina ya siku ile yameshafungwa. Muuguzi alitupokea vizuri, alimsafisha mzee kwa mikono yake, akasema atatuombea nafasi, na kweli Alhamisi tukamwona daktari (Yustini ndiye aliyetupeleka, na mimi njiani nilikaa nyuma kimya, kisha yeye akawahi zamu yake). Daktari akammulika muda mrefu, kisha akauliza, kupitia muuguzi aliyekuwa anatafsiri, maumivu makali yalianza lini. Nikamuuliza mzee kwa Kiiraqw, kwani Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga.

Mzee akasema, "Jumatatu. Nikiwa ndani ya basi. Lilipasua kichwa, halafu likaacha, halafu pakawa giza."

Ilinibidi niyatafsiri mimi maneno hayo. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuyatafsiri. Daktari akatikisa kichwa, akasema kama angemkuta saa zile angejaribu, hasemi kwamba angeweza, lakini angejaribu. Siku tatu nzima mzee alikuwa haoni chochote na hakuniambia, alikuwa ananishika bega kama kawaida, na mimi nilidhani ananishika kwa uchovu.

Njia yote ya kurudi nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia nyumbani. Nilitunga ya uongo, nikayaacha, nikatunga ya kweli, yakanikwama. Tulipofika uani kwake watu walikuwa wamejaa, mke wangu mbele, na kabla sijafungua kinywa mzee akasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, "Daktari ametazama. Jicho lilikuwa limeshakufa zamani. Baba Paskali huyu amehangaika sana na mimi, mpeni chakula." Yule ambaye hakuwahi kusema uongo maisha yake yote! Wakanishukuru, jamani. Mama mkwe alinipa mbuzi. Nilikula nikiwa nimeinamia sahani.

Tangu hapo neno "naijua" sijalitamka, si kwa njia, si kwa mtu, si kwa kazi. Ukiniuliza kwa fulani ni wapi, hata kama ni jirani yangu, nitakuambia twende tukaulize, na watoto wangu wananicheka kwa hilo. Nami nikawa ndiye mshika mkono wake, kanisani, kilabuni, shambani kushika masuke ya ngano kwa vidole ajue kama yamekomaa, miaka tisa.

Mwaka wa kwanza nilijikaza nikamuuliza. Tulikuwa wawili tu, tumekaa ukingoni mwa shamba. Nikasema, "Baba, kwa nini uliwadanganya?"

Akasema, "Ningewaambia ukweli, wangenipa mtu mwingine wa kunishika mkono. Na mimi giza hili nimeliingia nikikusubiri wewe."