Niligeuza Uso, Nikawasha Gari

Mkono uliowasha lile gari ulikuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza kuzunguka sitalisema, najijua.

Sikuwa nimelewa wala sikuwa na haraka. Nilipojifunza udereva hapa Kisumu, mwalimu alikuwa akinidunga goti kwa kidole kila nikishika ufunguo. "Klachi kwanza, bwana. Ufunguo baadaye." Nikapita mtihani. Halafu biashara yangu ya nguo pale soko la Kibuye ikanijalia gari la otomatiki, na mguu wangu wa kushoto ukastaafu.

Siku yenyewe tulikuwa tumeenda kwa wakwe zangu, mbele ya Maseno, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Shemeji yangu alitubeba kwa pikapu yake kwa kuwa gari letu lilikuwa kwa fundi. Ni kaka wa mke wangu. Nitamwita Ouma ingawa si jina lake. Breki ya mkono ya ile pikapu ilikuwa imekufa, na boma lao lina mteremko. Kwa hivyo Ouma akiizima aliiacha na gia ya kwanza ili isiteremke. Tulipofika alinieleza mwenyewe.

"Shem, hii gari hulala na gia. Ukiguza ufunguo bila kukanyaga klachi, inaruka."

Aliniambia! Hata kusingizia kutojua siwezi.

Baada ya kula, wengine walibaki ndani na redio. Simu yangu ilikuwa imezima, nikatoka niichajie garini. Betri ya Ouma ilikuwa dhaifu, bila kuwasha injini haikuchaji kitu. Pua ya pikapu ilielekea ukuta wa jikoni, na katikati hapo mama mkwe alikuwa ametandaza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye gunia, ameinama anazigeuza.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Humkazii macho, humgusi, humwambii sogea kama unayemwambia rika lako. Kuketi kwenye usukani kungeniweka uso kwa uso naye, naye ameinama vile. Niliona haya. Nikabaki nje ya mlango, nikageuza uso nikatazama ziwa, nikapitisha mkono dirishani na kuzungusha ufunguo.

Pikapu ikaruka. Haikwenda mbali, hapakuwa na mbali pa kwenda. Injini ikajizima.

Mama hakulia kwa sauti. Mke wangu ndiye aliyepiga mayowe alipotoka. Mimi nilisimama tu, mikono imening'inia, nikiwaza kwamba mkwe hamgusi mama mkwe. Hiyo ndiyo akili niliyobaki nayo. Ouma alikuja mbio, akaingia, akatoa gia, wengine wakaisukuma nyuma.

"Nini imetokea?" akaniuliza.

"Imeteremka yenyewe," nikasema.

"Itateremka aje na gia iko ndani? Si nimeitoa saa hii na mkono yangu!"

Baba yao mdogo akamkatiza. "Wacha maneno mingi, Ouma. Gari ni yako. Umevunja mama yako."

Ouma alinitazama. Nikainama nikaanza kuokota omena.

Mguu wa mama ulikatwa juu ya goti. Ouma aliiuza pikapu ili kulipa hospitali, akaenda Naivasha kutafuta kazi, na tangu hapo hajarudi nyumbani, hata Krismasi. Watu wanasema amekimbia aibu. Mke wangu hataki kulisikia jina lake. Akianza kumlaani, mimi nakunywa chai yangu. Nilikuwa nikidhani hatia inachoma. Yangu imekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nakula, nalala, nauza nguo.

Mwezi uliopita tulienda kumjulia hali. Mama alikuwa kwenye kiti, magongo yake yameegemea ukuta. Akamtuma mke wangu dukani kununua sukari. Nikainuka nitoke pia, kwa maana si vizuri tubaki wawili.

"Kaa, Baba Akinyi," akasema.

Nikakaa. Nikageuza uso.

"Siku hiyo uligeuza uso hivyo hivyo," akasema. "Mimi sikugeuza. Niliinua kichwa, nikaona mkono yako ndani ya gari."

Kuku aliingia mlangoni, akatoka.

"Ouma ni mtoto wangu. Najua anaumia. Lakini nikisema mimi, nyumba ya msichana wangu itavunjika. Ukisema wewe mwenyewe, labda itasimama. Nimekungojea."

Mke wangu akarudi na sukari. Tukanywa chai, nikasifu chai.

Basi wewe unayesoma, sikiliza. Gari la gia halina urafiki. Usiushike ufunguo ukiwa dirishani. Ingia, keti, kanyaga klachi hadi chini, hakikisha gia imetoka, kisha tazama mbele. Ukiona mtu hapo, mwambie asogee, hata kama ni mama mkwe wako. Atakuona huna adabu kwa siku moja tu. Na kama umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, mdomo ukiwa bado mwepesi. Mimi nilidhani nitasema jioni, halafu nikadhani kesho.

Naandika haya nikiwa nyumbani kwangu, Mamboleo. Sasa ninyi nisiowajua mnajua. Ouma alikuwa sahihi kuhusu gia yake, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mke wangu yuko chumba cha pili anakunja nguo. Mlango uko wazi. Nikimwita sasa hivi, atasikia.