Wifi na Kuvu Waliokosa Pumzi

Wifi yangu hajui kupimia. Akikumiminia chai, inamwagikia kwenye kisahani. Kazini kwake, kwenye maabara ya kiwanda cha juisi, wanamwita Pomoni, naye anaitika.

Kazi yake ni kulea kuvu, ule ukungu mweusi unaoota kwenye mkate uliolala. Anawatia kwenye chupa zenye uji mwepesi wa maganda ya matunda, anaziba kwa pamba, kisha mashine inazitikisa siku nne. Kuvu wakistawi wanatoa kimeng'enya, kitu kinachoifanya juisi nzito ing'ae kama maji.

Mwezi uliopita alitaka kimeng'enya kingi zaidi, akajaza chupa kupita nusu. Kikatoka kidogo. Akaongeza uji hadi shingoni, kikapungua tena. Mkuu wake akamwambia, "Dada, nakupa nafasi moja. Ikishindikana, utarudi kufagia." Na alifagia pale miaka sita kabla ya kupewa meza ile.

Akaja kwetu amenuna. Nilikuwa namnyonyesha mwanangu, ana mafua. Anakamata titi, anavuta mara mbili, analiachia, analia.

"Maziwa yamekata?" wifi akauliza.

"Yamejaa tele. Pua ndiyo imeziba. Atakulaje na hapumui?"

Nikamsafisha pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Akanyonya mpaka akasinzia. Wifi alikuwa anamtazama tu, hata chai hajaigusa.

"Na wangu wameziba pua," akasema.

"Wako? Umezaa lini, wifi, na mimi sina habari?"

"Kuvu, wewe. Nimewazamisha kwenye chakula. Chupa imejaa, hata ikitikiswa, hewa itakaa wapi?"

Kesho yake akatia uji robo ya chupa tu. Anasema mkono ulimwasha kuongeza. Siku zote nne alipita kwetu jioni, hakai akatulia, akawa anainama kusikiliza mtoto anavyopumua.

Siku ya tano mkuu akadondosha kimeng'enya kwenye glasi ya juisi. Wakangoja. Mashapo yakaanza kushuka taratibu, yakatuama chini, na baada ya saa moja waliweza kusoma kalenda ya ukutani kupitia glasi ile.

"Meza ni yako," mkuu akasema. "Ila niambie, nani kakufundisha?"

"Mtoto wa kaka yangu."

"Anasomea wapi?"

"Bado, bosi. Ana miezi minne."